Manyoya ya Chifu

Jumatatu, 14 Julai

Baridi. Nimevaa koti la harusi, ndilo pekee lenye vifungo vyote. Nimeenda kumwona Bi Musimbi, mwalimu mkuu wa shule ndogo hapa Kawangware, kituo cha 46. Miaka sita iliyopita nilimwandikia jina la shule kwenye geti, kwa hivyo ananijua. Darasa la nne halina mwalimu wa kuchora. Nimemwambia amempata.

Amesema kuna mwingine pia. Morris, kijana wa miaka ishirini na sita, ana diploma na ndevu zilizochongwa. Basi atatupima. Kila mmoja atapewa watoto kumi kwa wiki mbili. Somo ni moja: mnyama mwenye manyoya, achorwe kwa tekscha. Ijumaa ya tarehe ishirini na tano ni siku ya wazazi. Michoro itatundikwa ukutani, na mwalimu atakayefanya vizuri zaidi atabaki.

Ameniuliza kama naijua tekscha. Nimesema nimeishi nayo miaka ishirini.

Nimefika nyumbani nikalitafuta neno hilo kwenye simu. Kumbe ni mguso wa kitu, jinsi mchoro unavyomfanya mtu atake kuunyooshea mkono. Nimekaa kitandani kidogo. Kazi yangu ni kuandika vibao. Nimechora ng'ombe kwenye buchari zaidi ya arobaini, kutoka hapa hadi Nyayo Highrise, na hakuna hata mmoja mwenye unyoya. Wote ni laini kama karai.

Lakini kazi hii lazima niipate. Tangu mashine za kuchapisha mabango zije, hakuna anayetafuta mtu wa brashi. Mke wangu Akoth alienda kwa mama yake Desemba. Alisema wiki moja. Akiwa mlangoni akaongeza kwamba atarudi nikipata kazi ya kuingia asubuhi na kutoka jioni, kama watu.

Jumanne, 15 Julai

Somo la kwanza. Aibu.

Nimechora mbwa ubaoni. Nilimchukua ng'ombe wangu wa buchari, nikamtoa pembe, nikamwongezea ulimi. Kisha msichana wa mbele, Celine, miaka tisa, sauti kama ya karani wa korti, akauliza mbona mbwa anafanana na mtungi wa maji. Nikasema manyoya bado yanakuja. Nikayaweka, mistari iliyosimama wima mwili mzima. Celine akasema sasa ni mtungi uliopigwa misumari.

Wenzake wakaiga. Mitungi kumi, misumari isiyohesabika.

Darasa letu na la Morris limetenganishwa kwa plaiwudi tu. Upande wake walikuwa wanacheka vizuri. Nimechungulia. Amewaletea picha za paka zilizochapishwa, kila mtoto na yake. Ameniona, akaniuliza kama ningependa chache. Nimemwambia sisi watu wa zamani huchora kutoka kwa kitu chenyewe. Nilisema tu ili nijibu. Lakini nikiwa njiani kuja nyumbani, nikaona kwamba ni mpango.

Kitu chenyewe. Mbwa mzima darasani. Na ninamjua mmoja.

Jumatano, 16 Julai

Nimetembea hadi Kibera, upande wa Olympic, kwa Mama Benard. Huuza makaa. Yale maandishi MAKAA SAFI kwenye kibanda chake ni mkono wangu. Mbwa wake ni Chifu, rangi ya chai ya maziwa, manyoya marefu shingoni na mgongoni kuliko mbwa yeyote wa mitaa hii. Nadhani babu yake alitoka kwa matajiri.

Nimemwambia shule imemchagua Chifu. Nikaongeza kwamba ni heshima kubwa, na kwamba kuna barua. Hakuna barua. Yeye hakuuliza barua. Aliuliza nani atamlisha, na kama darasani kuna upepo. Chifu ana miaka kumi na mitatu, akasema, na tangu Benard ahamie Mombasa na kuacha kupiga simu, ni yeye na huyo mbwa tu.

Akamfunga kamba shingoni yeye mwenyewe. "Fundi, nakupea mpaka Ijumaa. Hulala kwa miguu yangu. Bila yeye miguu haipati joto."

Nikasema Ijumaa, Mama Benard, bila shaka.

Safari ya kurudi imechukua saa tatu. Chifu husalimia kila nguzo.

Alhamisi, 17 Julai

Sijui niandike vipi. Leo nimefundisha.

Sikuwa na mpango. Nilimlaza Chifu kwenye gunia katikati ya darasa, na kwa kuwa sikujua la kusema, nikawaambia watoto wafumbe macho wamguse. Mmoja mmoja. Kutoka kichwani kwenda mkiani, halafu kinyume. Chifu akalala tu akipumua, kama mzee anayenyolewa. Celine alikaa naye muda mrefu zaidi. Akasema, macho bado yamefumbwa, "Ticha, ni kama mabati. La juu linalalia la chini."

Nikamwambia arudie. Akarudia.

Basi tukachora kama fundi anavyoezeka nyumba. Unaanza chini mkiani, safu fupi fupi, kila mstari ukifuata njia ambayo unyoya umelala, halafu safu inayofuata inaifunika ile ya kwanza kidogo, mpaka ufike masikioni. Shingoni mistari mirefu. Puani mifupi, kama nukta. Mahali jua linapopiga unaacha karatasi ionekane. Chini ya tumbo unakandamiza penseli mpaka giza liingie. Hakuna aliyenifundisha haya. Tuliyaona kwa mbwa.

Nilichora pamoja nao. Mbwa wangu wa kwanza mwenye unyoya. Nina miaka arobaini na saba.

Chifu amekula ugali na maharagwe, akalala kwa miguu yangu. Nyumba ina joto la mtu mwingine. Tangu Desemba haikuwa nalo.

Ijumaa, 18 Julai

Ilikuwa nimrudishe leo. Nimempigia Mama Benard, nikamwambia wazazi wanataka kumwona Chifu siku yao, wiki ijayo. Akauliza kama anakula. Nikasema kama mbunge. Akasema sawa, lakini akaisema polepole.

Sasa nitaje mpango mpya, kwa sababu ni mzuri. Brashi za shule ni za plastiki, ngumu kama ufagio. Zinafuta manyoya badala ya kuyachora. Brashi nzuri hutengenezwa kwa manyoya ya mnyama, kila mtu wa kazi yangu anajua. Na mnyama nilikuwa naye.

Nilikusudia kukata kidogo tu shingoni. Makasi yangu ya karatasi ni butu, yakala upande mmoja kuliko mwingine. Nikasawazisha. Upande ule ukazidi. Nikasawazisha tena, nikajikuta mgongoni. Nilipomaliza, Chifu alikuwa anafanana na mteja wa kwanza wa kinyozi anayejifunza. Amebaki na manyoya ya kichwa na mkia. Katikati ni ngozi ya waridi yenye madoa. Sikujua ana madoa.

Nimefunga brashi kumi kwa uzi, kwenye mirija ya kalamu zilizokwisha wino. Brashi za ajabu. Nimejaribu moja kwa rangi kidogo sana, karibu kavu. Mguso mmoja unatoa nyoya kumi. Nilitamani Akoth aone.

Jumapili, 20 Julai

Manyunyu tangu jana. Julai ya Nairobi haina huruma. Chifu anatetemeka. Nimemvalisha sweta yangu, mikono nimeikunja. Ananiangalia kama anayengoja nimweleze.

Nimemtoa nje kidogo, nikakutana na Morris akitoka kanisani. Akachuchumaa, akainua sweta. Kisha akasema, "Mzee wangu, huyu anahisi baridi. Mrudishe kwao tu."

Nikamwambia ninaelewa kwa nini angependa mbwa aondoke kabla ya siku ya wazazi. Akavua skafu yake, akamfunga Chifu tumboni. Skafu nzuri. Nimeona ni mbinu.

Jumatatu, 21 Julai

Brashi zimeshinda. Watoto wanapaka safu juu ya safu, kwanza rangi hafifu, kisha nzito, kisha nyeupe chache za mwisho kwenye ncha. Bi Musimbi aliingia bila kubisha. Alisimama nyuma ya Celine muda wa kutosha kuchemsha chai. Akanyoosha kidole, akagusa karatasi, akakiangalia kidole. Kilikuwa na rangi. Akacheka, akatoka.

Kazi iko mfukoni. Nilitaka kumpigia Akoth papo hapo. Nikajizuia.

Chifu alilala kwenye gunia somo zima. Hakusimama. Hakula. Celine alikuwa anaacha kuchora kila baada ya muda, anaenda kumwekea kiganja pale penye ngozi, anarudi.

Jumanne, 22 Julai

Chifu amekohoa usiku kucha. Asubuhi nimemchemshia supu ya mifupa, nikamshikia bakuli. Alilamba mkono wangu, supu hakuigusa.

Morris alikuja na blanketi. Sijui aliambiwa na nani. Alikuja na daktari wa mifugo anayemjua, mtu mnyamavu mwenye gamubuti. Daktari akaweka sikio mbavuni, akadunga sindano, akasema mapafu yamejaa maji na umri nao ni mkubwa. Akauliza nani alimnyoa mbwa Julai. Morris akaangalia dari. Nikasema ni utaratibu wa kazi ya sanaa.

Daktari akasema tungoje.

Nimempigia Mama Benard. Nikamwambia Chifu yuko sawa, amechoka kidogo kwa sababu ya umaarufu. Alicheka kidogo. Akaniomba nimwekee Chifu simu sikioni. Nikaiweka. Sikusikia alichosema. Chifu alipiga mkia chini mara moja.

Jumatano, 23 Julai

Chifu amekufa saa moja asubuhi, nikimwekea uji.

Nimekaa naye. Nikamvua sweta, nikamvalisha tena.

Kisha nikaanza kufikiri, na nikifikiri huwa ni hatari. Mpango wa kwanza: nimwambie Mama Benard mbwa ametoroka. Lakini angemtafuta. Angetembea mtaa baada ya mtaa na miguu ile. Mpango wa pili: nitafute anayefanana naye. Nimezunguka Kawangware nzima. Nyuma ya soko nimempata mmoja, rangi ndiyo, masikio ndiyo. Alikuwa jike, tena mwenye mimba. Nikasimama pale nikijiuliza kama Mama Benard bado anaona vizuri. Nikajionea haya, ingawa si papo hapo.

Mpango wa tatu ni kwamba alikufa kwa uzee, usingizini, bila maumivu. Huo ndio wa heshima.

Alhamisi, 24 Julai

Morris aliomba mkokoteni kwa muuza maji, akausukuma hadi Kibera yeye mwenyewe. Sikumwalika. Chifu alikuwa ndani ya gunia, na blanketi juu.

Mama Benard alikuwa anapima makaa. Aliona gunia, akaweka kopo chini. Nikasema maneno yangu. Uzee, usingizi, hakuteseka. Niliyasema vizuri. Aliitikia kwa kichwa polepole, na nikadhani tumemaliza.

Lakini akapiga magoti. Akafungua blanketi, akaingiza mkono guniani, chini ya sweta, akaupitisha mgongoni kutoka shingoni kwenda chini, kama alivyomfanyia miaka kumi na mitatu. Mkono ukasimama katikati.

"Manyoya yake yako wapi?"

Nikasema shule. Nikasema brashi. Nikasema watoto walikuwa wanajifunza, na kwamba walijifunza kweli. Hakunitazama.

"Alihisi baridi?"

Morris aliangalia viatu vyake. Nikasema, "Hapana, Mama Benard."

Akamfunika kwa leso yake ya kiunoni. Mikono yake ilikuwa nyeusi kwa makaa, na leso ikabaki na alama za vidole. Akamwambia Morris amsaidie kuchimba nyuma ya kibanda. Mimi nilinyanyua jembe, akasema mmoja anatosha. Nilisimama kwenye mlango uliosema MAKAA SAFI. Herufi ya mwisho niliibana. Sikuwahi kuona.

Wakati wa kuondoka alisema jambo moja. "Hizo brashi uniletee."

Ijumaa, 25 Julai

Siku ya wazazi. Koti la harusi.

Kabla wageni hawajaingia nilizikusanya brashi zote kumi. Niliwaambia watoto zinaenda kuoshwa. Celine alikuwa wa mwisho. Aliishikilia, akauliza kama ninamrudishia Chifu. Nikasema ndiyo. Akanipa.

Niandike ukweli: ukuta ulikuwa wetu. Paka wa Morris walikuwa safi, lakini walikuwa paka wa karatasi. Mbele ya mbwa wetu wazazi walinyoosha mikono. Mama mmoja aligusa mchoro wa mwanawe halafu akapangusa vidole kwa sketi, kama anayetoa manyoya. Nikahisi machozi. Tisa kati ya watoto walimchora Chifu wa siku ile ya kwanza, shingo nene, mkia kama ufagio mpya.

Celine alimchora wa Jumatatu. Amelala kwenye gunia, sweta imepanda. Kichwa na mkia vina manyoya, safu juu ya safu. Mgongoni hakuna. Pale alichora ngozi kwa vinukta vidogo vidogo vilivyosimama, na mstari wa mgongo aliutetemesha makusudi. Ukiuangalia unasikia baridi. Nimefanya kazi ya kuchora miaka ishirini, na sijawahi kuona mchoro kama huo.

Bi Musimbi aliuona. Akauliza mbele ya wote mbwa alipatwa na nini. Celine akasimama wima, akajibu bila ubaya wowote, kama anayesoma shairi la shule. "Ticha alimnyoa atutengenezee brashi. Halafu akawa mgonjwa. Halafu hakuja tena."

Niliitwa ofisini. Bi Musimbi alizungumza kwa upole, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Alisema watoto wamejifunza kwangu kitu ambacho hakuna mwingine angewafundisha. Alisema pia hawezi kunikabidhi watoto. Yote mawili ni kweli, akasema. Morris ndiye atakayebaki.

Nilimwomba Celine ule mchoro. Amekataa. Amesema atabaki nao, kwa sababu mimi hukata vitu.

Jumamosi, 26 Julai

Nimempelekea Mama Benard brashi. Alinipa kigoda, jambo ambalo sikulitarajia. Akakaa upande wa pili wa rundo la makaa, akafungua uzi wa brashi ya kwanza. Kisha ya pili. Kucha zake ni fupi, na uzi nilikuwa nimeukaza. Ilichukua muda. Sikuthubutu kusaidia. Rangi ilikuwa imekauka kwenye ncha, hudhurungi na nyeupe, na alizisugua kwa kidole gumba mpaka zikalainika.

Manyoya yote aliyakusanya kwenye kitambaa, akakikunja, akakitia kifuani. Mirija kumi ya kalamu akanirudishia.

"Hii ni yako," akasema.

Nikamwambia nilimdanganya juu ya baridi. Nilisema kwa sauti ndogo sana. Akasema alijua, fundi, mkono ulijua. Halafu mteja akaja akitaka kopo mbili, akainuka.

Jumatatu, 28 Julai

Jana sikutoka. Leo Morris amekuja. Amesema watoto wananiulizia. Muhula ujao, mwisho wa Agosti, watachora ndege, na amemwomba Bi Musimbi niruhusiwe kuja kwa somo moja, yeye akiwepo. Nimemwambia nitafikiria. Akaenda, nikafikiria mpaka alipofika kona, nikamwita nikasema ndiyo.

Jioni Akoth alipiga. Sauti yake ilikuwa karibu, kama aliye jikoni. Akauliza habari ya kazi. Nikasema niko shuleni sasa. Akauliza kama mwalimu. Nikasema katika mambo ya kufundisha. Akasema amefurahi, na huenda akaja mwisho wa Agosti aone. Baada ya kukata simu nilibaki nimeishika sikioni.

Kwa hivyo hilo somo moja lazima liwe kubwa.

Nimejifunza. Naandika hapa ili nisisahau: mnyama mzee hanyolewi Julai. Lakini mwenye nyumba wangu, Ndegwa, ana jogoo. Jogoo kijana, mwenye nguvu, mkia wa kijani unaong'aa kama mafuta juu ya maji. Na Agosti si Julai. Tena sitamkata popote. Nitang'oa manyoya machache tu, ya nyuma, ambayo yeye mwenyewe hayaoni.

Ndegwa ameuliza ninamtaka wa nini. Nimemwambia shule inataka kumpiga picha.